"Si Amechagua Mwenyewe?"

Filamu ninayotaka tuiongelee leo haina bunduki wala mapigano. Ni ya Korea Kusini, kwa Kiingereza inaitwa Microhabitat, ilitoka 2017, na aliyeiandika na kuiongoza ni mwanamke anaitwa Jeon Go-woon. Ndiyo filamu yake ndefu ya kwanza. Vijana wa kituo chetu waliitazama bila VJ, maandishi ya Kiingereza yanapita chini, na kuna waliotoka mapema juu walizoea filamu za Wakorea zenye upanga au zenye mapenzi ya matajiri. Waliobaki walibishana mpaka jenereta ikazimwa. Ubishi wenyewe ulikuwa mmoja tu: huyu dada ni mjinga, au ana akili kutushinda sisi wote?

Dada mwenyewe ni Miso. Anaishi Seoul, anasafisha nyumba za watu kwa malipo ya siku. Amepanga chumba kimoja, kidogo na chenye baridi kiasi kwamba yeye na mpenzi wake Han-sol wanaanza kuvua makoti, wanatetemeka, wanavaa tena na kukubaliana kusubiri joto lirudi. Wakitaka kwenda sinema wanatoa damu kwanza, maana kule anayetoa damu anaweza kupewa tiketi. Miso anapenda vitu vitatu tu duniani: sigara, glasi moja ya whisky jioni, na huyo Han-sol. Tena ana dawa ya kunywa, bila hiyo nywele zake zinakuwa nyeupe kabla ya uzee. Kila siku anaandika hesabu kwenye daftari: kodi ya nyumba kiasi hiki, chakula kiasi hiki, dawa, sigara, whisky.

Halafu mwaka mpya unaingia na sigara inapanda bei. Jambo hili halikutungwa hewani. Januari 2015 serikali ya Korea Kusini ilipandisha kodi ya tumbaku, na pakiti ya kawaida ikatoka won 2,500 hadi won 4,500 kwa mara moja. Mwenye nyumba naye anakuja na lake, anaongeza kodi ya chumba. Miso anakaa chini na daftari, anapiga mahesabu, kisha anashika kalamu kukata kitu kimoja. Haikati sigara. Whisky pia haiguzi. Anakata nyumba.

Hapo ndipo kijana mmoja alipiga kelele, "Huyu amerogwa!" Na mimi naelewa kwa nini. Sisi tumefukuzwa kwenye nyumba, tumetembea na magodoro kichwani, tumejenga kwa turubai na udongo, leo unatuonyesha mtu ana chumba chenye mlango na anakiacha kwa ajili ya sigara. Inaweza kuonekana kama matusi. Lakini tukae na filamu kidogo, tusikimbilie hukumu.

Kwanza tujue Seoul inapangisha vipi. Kule kuna mtindo unaitwa jeonse. Mpangaji anatoa fungu kubwa la pesa mwanzoni, mara nyingi zaidi ya nusu ya thamani ya nyumba yote, halafu halipi kodi ya mwezi. Mkataba ukiisha, kwa kawaida baada ya miaka 2, anarudishiwa fungu lake lote. Maana yake, mwenye pesa nyingi anakaa na pesa yake inarudi. Asiye na fungu hilo analipa kila mwezi, pesa haimrudii, na bado anadaiwa dhamana juu yake. Masikini analipa zaidi kwa kukaa pabaya zaidi. Mtu amewahi kutafuta chumba Kampala, pale Katwe au Nsambya, ataelewa haraka: mwenye nyumba anataka miezi mitatu mbele kabla hujaingiza hata ndoo. Ukiwa na kodi ya mwezi mmoja mkononi, wewe kwake huna kitu. Kwa hiyo Miso anapokata nyumba kwenye daftari, anakata kitu ambacho kila mwezi kilikuwa kinamla na hakikuwa chake hata siku moja.

Anapakia vitu vyake kwenye sanduku, anaanza kuzunguka kwa marafiki watano aliopiga nao muziki kwenye bendi walipokuwa chuo. Kila mlango anafika na trei ya mayai. Nilipenda sana hiyo trei ya mayai. Mgeni haji mikono mitupu, hata kama mgeni mwenyewe hana pa kulala. Bibi yangu angemkubali Miso kwa trei hiyo tu, asingetaka kujua habari nyingine.

Marafiki hao watano ndio mwili wa filamu. Wa kwanza ni dada wa ofisini, kazi imemmaliza mpaka wakati wa mapumziko anajitundikia dripu ya maji ya sukari mkononi ili arudi kazini. Huyo anamwambia Miso wazi kwamba hawezi kulala na mtu mwingine ndani. Wa pili ameolewa, amebanana na wakwe zake, hajui kupika na kila siku anapimwa kwa hilo. Wa tatu amenunua nyumba nzuri ghorofani kwa mkopo wa miaka 20, mke ameondoka, na yeye amebaki analia usiku kati ya nguo chafu na chupa. Wa nne anaishi na wazazi wazee ambao wanamwona Miso kama mkamwana ameshuka kutoka mbinguni, mpaka mlango unafungwa asitoke. Wa tano ameolewa na tajiri, nyumba kubwa, vyumba vya kutosha, na ndiye anamkaribisha siku nyingi kuliko wote.

Jeon Go-woon hatuhubirii. Anatuingiza nyumba moja baada ya nyingine na kutuacha tuone bei yake. Kila mmoja amelipia paa kwa kitu fulani: mmoja kwa afya, mmoja kwa heshima yake mbele ya wakwe, mmoja kwa ndoa, mwingine kwa kuendelea kuwa mtoto wa wazazi. Na hakuna hata mmoja anayepiga muziki tena. Huyu asiye na nyumba ndiye anawafulia, anawapikia, anawaachia chakula na kusikiliza vilio vyao. Ukimaliza nyumba ya nne unaanza kujiuliza nani hapa amepangishwa na nani ni mwenyeji.

Nyumba ya tano ndiyo ilinifanya niandike makala hii. Baada ya siku kadhaa yule rafiki tajiri anachoka, na siku anayochoka anamwambia Miso la moyoni: huna nyumba, unahangaika kwenye milango ya watu, na bado unanunua pombe na sigara? Huoni aibu? Miso hajibu kwa hasira. Anaondoka. Kwa mtazamaji wa Seoul labda hiyo ni kugombana kwa marafiki wawili. Kwetu ni sauti tunayoijua kabisa.

Tunaijua kwenye foleni. Mtu ameuza kilo chache za mahindi ya mgao ili asuke nywele mtoto wake kabla ya shule kufungua, au anunue bando, au jezi ya timu, na lazima atokee wa kusema: "Kumbe hawana njaa hao!" Wakati mwingine anayesema ni mfanyakazi wa shirika, na mara nyingi, tuseme ukweli, ni jirani yako mkimbizi mwenzako. Mwaka 2023 hapa Uganda mgao wa chakula uligawanywa kwa makundi matatu kufuatana na uhitaji, na kundi lililoonekana linajiweza likatolewa kabisa. Tangu hapo kila mtu amekuwa mpimaji wa mwenzake. Nani ana simu kubwa? Nani amejenga kwa tofali? Nani alionekana akinywa soda? Watu wamejifunza kuficha furaha zao ndogo kama vile wanaficha wizi.

Filamu inalijibu jambo hilo vizuri kuliko semina yoyote niliyowahi kuhudhuria. Miso hajitetei kwamba whisky ni lazima. Anajua si lazima. Hoja yake, ukiitazama kwa matendo yake, ni kwamba mtu akikatiwa kila kisicho lazima anabaki anapumua tu. Yule rafiki wa dripu ana kila kitu cha lazima, mpaka maji ya mishipani. Miso ana glasi moja, anaishika kwa mikono yake, anakunywa polepole huku theluji inaanguka nje, na kwa dakika hizo chache ana mahali. Wazee wa kanisa wasinikasirikie. Mimi nafanya kazi na vijana, najua pombe ya bei rahisi imefanya nini kwenye nyumba zetu, siitangazi. Weka badala ya whisky kitu chako mwenyewe: gitaa, kitabu, marashi, chai yenye sukari nyingi. Hoja inabaki pale pale.

Mpaka hapo naisifu. Sasa niseme inaponikwaza.

Miso tunaonyeshwa amechagua. Neno hilo "kuchagua" ni tamu kwenye filamu, lakini likitoka nje ya filamu linakuwa kisu. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inatupa haki ya kutembea na kuishi nje ya makazi, na kwa hilo tunashukuru, nchi nyingi za jirani hazitoi hivyo. Ila ploti na mgao viko huku kwenye makazi. Anayehamia Kampala anahesabiwa kwamba atajitegemea. Wote tunawajua marafiki waliokwenda. Wengine walifuata studio za muziki, wengine cherehani, wengine shule, wengine walikimbia mtu aliyewafuata mpaka huku. Wakifika wanalala watano chumba kimoja kwa zamu, au kwenye mabenchi ya kanisa, au studio baada ya wateja kuondoka, sanduku linabaki kwa rafiki huyu na viatu kwa rafiki yule. Na wakiugua, wakiomba msaada, jibu linalowangoja ni fupi: "Si amechagua mwenyewe?"

Jibu hilo linafunga faili. Haliulizi alichagua kati ya nini na nini. Rafiki aliyeondoka Nakivale hakuchagua kati ya nyumba na barabara. Alichagua kati ya kulima kipande kilichochoka akiwa na diploma mfukoni, na kulala kwenye benchi akiwa karibu na kazi anayoijua. Vyote viwili viliwekwa mezani na watu wengine, yeye alinyoosha mkono tu. Tukimtazama Miso vizuri naye yuko hivyo hivyo: bei ya sigara aliiweka mwingine, kodi aliiongeza mwingine, mshahara wa siku aliupanga mwingine. Kilichobaki chake ni ile kalamu. Jeon Go-woon anajua hilo, ndiyo maana anatuonyesha daftari mara nyingi. Lakini kadri filamu inavyoendelea analisahau daftari, anaanza kupenda zaidi uso mtulivu wa Miso, na Miso anakuwa kama mtakatifu. Halalamiki, hakosei, hamwonei mtu wivu. Mtakatifu ni rahisi kumwacha nje, maana unaamini baridi haimuumi.

Tena usiku haupo. Filamu nzima inahusu mtu hana pa kulala, na hatuonyeshwi usiku mmoja wa kutisha kweli. Mwanamke peke yake na sanduku katika mji mkubwa, na hakuna anayemfuata, hakuna askari anayemuuliza karatasi, hakuna anayegusa zipu ya hema. Seoul ni mji wenye usalama kuliko miji mingi, nakubali. Hata hivyo wasichana waliobaki mpaka mwisho waliligusa jambo hili bila mimi kuwauliza. Mmoja alisema, "Huyu haendi choo usiku?" Watu walicheka, yeye hakucheka. Wanaojua safari ya kwenda chooni usiku kwenye makazi yasiyo na taa wanajua alikuwa anasema nini. Swali lake lilikuwa uhakiki mzuri kuliko kurasa hizi zote.

Tatizo la tatu ni Han-sol. Kijana huyu anachora katuni, anaota kuzichapisha kwenye mtandao, analala bweni la kazini, na hana chumba cha kumweka mpenzi wake. Anaona aibu. Siku moja anamwambia Miso kwamba amekubali kwenda Saudia kufanya kazi, akusanye pesa, warudi kuishi kama watu. Miso anaumia, na kamera inaumia pamoja naye: kijana ameacha kuchora, amesaliti. Mimi hapo nilisimama upande wa Han-sol. Wakorea wenyewe walijenga nchi yao kwa sehemu kwa jasho la watu waliokwenda Ghuba kujenga barabara na bandari miaka ya 1970 na 1980, na leo vijana wa Uganda na Kenya wanapanda ndege zile zile za Saudia kwa kazi za ndani na ulinzi. Anayekwenda hajaacha kupenda. Miso hana mama wa kumtumia pesa, hana mdogo wake wa kulipia shule, kwa hiyo daftari lake lina mistari sita tu. La Han-sol linaanza kuwa kama letu, lina watu ndani. Filamu inayoheshimu uchaguzi wa Miso ingeuheshimu na wake, badala ya kumfanya mtu wa sita aliyeuzwa na mji.

Jina la filamu kwa Kikorea ni Sogongnyeo. Ndilo jina wanalotumia kule kwa hadithi ya Mwingereza Frances Hodgson Burnett kuhusu mtoto wa tajiri anayebaki yatima, akawa mtumishi kwenye dari la shule, na mwishoni utajiri unamrudia. Watu waliokulia na hadithi hiyo wanamsubiri tajiri aje amwokoe Miso. Haji. Hilo ni jambo la ujasiri kwa filamu ya kwanza. Ukiona jinsi misaada inavyotangazwa, mtoto analia kwanza na kucheka mwishoni, utathamini mtu aliyekataa kumalizia hivyo.

Anamalizia hivi. Wale marafiki wa bendi wanakutana tena, wamevaa nyeusi, kwenye msiba wa nyumbani kwa yule wa nne. Wanakula, wanaulizana habari za Miso. Hakuna anayejua alipo, simu yake haipatikani. Kila mmoja anamkumbuka kwa wema, ni mtu mzuri yule, alinipikia, alinisikiliza. Kisha tunamwona kwa mbali, nywele zimekuwa nyeupe. Whisky nayo ilipanda bei, na alipopiga mahesabu tena akakata dawa. Picha ya mwisho ni hema dogo kando ya mto Han, lina taa ndani, na nyuma yake maghorofa ya Seoul yanawaka.

Watu wengi wanaipenda picha hiyo kwa uzuri wake, na ni nzuri kweli. Lakini ndugu zangu, sisi hema tunalijua. Linavuja kwenye mshono, mchana linachemka, na mtoto hawezi kusomea ndani mvua ikipiga. Hakuna mtu hapa atakayelitazama lile hema na kuona uhuru peke yake. Mimi nilichoangalia zaidi ni mazungumzo ya msibani. Watu watano wazima, wenye milango mitano, wanamsifu mtu aliyekula nao na kuwafulia, na hakuna anayesimama kwenda kumtafuta. Wamemsamehe kwa kutokuwa na nyumba kwa sababu aliondoka kimya. Wakirudi kwao watalala vizuri, maana, si alichagua mwenyewe?

Naamini Jeon Go-woon alitaka tuone hilo. Kamera yake haimfuati Miso ndani ya hema, inabaki nje kama wale marafiki walivyobaki, na sisi tunabaki nayo. Kama hilo ndilo lilikuwa lengo, basi ule utakatifu nilioulalamikia ni macho ya marafiki, wanaomkumbuka mtu asiyewasumbua. Bado nadhani angetupa usiku mmoja wa kweli ili tusiweze kukwepa. Hata hivyo filamu imefanya kazi yake, na ningependa wafanyakazi wa mashirika wanaosoma jarida hili waitazame pamoja nasi, tukae chumba kimoja, kisha tuulizane bila kuogopana.

Swali la kuanzia ninalo tayari. Mtu akija mezani kwako na kusema ameacha ploti yake na anaishi mjini bila chumba, kabla hujaandika kwenye fomu kwamba aliondoka kwa hiari, muulize daftari lake lilikuwa na mistari gani, na ni mstari upi walimwachia kuukata. Sisi vijana nasi tuwaulize hivyo rafiki zetu walioko Katwe na Kisenyi. Simu zao bado zinapatikana. Tuwapigie.